Mke wangu mjamzito ametapika wiki sita, sasa macho yanacheza na anayumba: je, ni tezi ya thairoidi?

Baba Wawili ameuliza:

Habari za usiku, wakubwa kwa wadogo. Naomba mnivumilie kama maelezo yatakuwa marefu, kwa sababu nimeona ni afadhali niseme yote kwa pamoja kuliko mniulize moja moja huku muda unakwenda.

Mke wangu ana ujauzito wa wiki 12, na huu ni wa tatu kwetu. Katika mimba mbili za kwanza alitapika asubuhi kama wanavyotapika wengine, kisha akapona. Safari hii tangu wiki ya sita hakuna kinachokaa tumboni. Uji unarudi, ndizi zinarudi, na hata maji matupu hurudi kabla hajaweka kikombe chini. Kadi ya kliniki inaonyesha kwamba alianza na kilo 61, na juzi alikuwa na kilo 54. Kwetu nyumbani wako wanaosema kwamba anadeka, na kwa muda mimi mwenyewe nilikaribia kuamini hivyo, jambo ambalo sasa linanichoma.

Kwa wiki nne tumekuwa tukienda zahanati moja ya jirani kila anapoishiwa nguvu. Wanamtundikia dripu, anapata nafuu kidogo, tunarudi nyumbani, na kesho kutwa tunakuwa huko tena. Nimehesabu chupa kumi na moja. Mimi si mtu wa afya, lakini kwa kukaa kando ya kitanda nikitazama chupa inayoning'inia kwenye msumari wa dirishani nimejifunza kusoma lebo, na zote isipokuwa mbili zilikuwa dekstrosi asilimia 5. Muuguzi aliniambia kwamba ni sukari ya kumtia nguvu.

Wiki iliyopita tulipelekwa hospitali kubwa kwa sababu moyo ulikuwa ukimwenda mbio, mapigo 118 kwa dakika akiwa amelala, na mikono ilikuwa ikitetemeka. Damu ilipopimwa, TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi ya shingoni, ilikuwa chini mno, 0.02, na homoni ya T4 inayotolewa na tezi hiyo ilikuwa juu ya kiwango. Tukaambiwa kwamba tezi hiyo inafanya kazi kupita kiasi, tukaandikiwa kabimazoli ya kuituliza tezi na propranololi ya kupunguza mapigo ya moyo. Dawa nimezinunua ila hajaanza kuzimeza, kwanza kwa kuwa hata kidonge kinarudi, na pili kwa kuwa mfamasia alisita alipojua kwamba mgonjwa ni mjamzito.

Lililonifanya niandike usiku huu limeanza juzi. Mtoto wetu mdogo alisimama mlangoni akamwita mama yake, mama akageuka kumtazama, nikaona macho yanacheza. Sisemi kope, ile ambayo watu husema ni dalili ya mgeni. Ni mboni zenyewe, zinakwenda pembeni na kurudi haraka haraka kama za mtu anayetazama miti kupitia dirisha la basi. Jana aliniomba nimwondolee kimoja kati ya vikombe viwili vilivyokuwa juu ya stuli, na kikombe kilikuwa kimoja. Leo amekwenda msalani akiwa ameshika ukuta, miguu ameitanua kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, na mchana ameniuliza mara tatu leo ni siku gani.

Naomba kujua: haya ya macho na miguu yanaletwa na tezi? Nimwanzishie kabimazoli? Na je, tunaweza kungoja miadi yetu ya Jumatatu?

Mkunga wa Zamu amejibu:

Ndugu Baba Wawili, pole sana. Swali lako la mwisho ndilo nalijibu kwanza: usingoje Jumatatu, wala usingoje kupambazuke. Tafuta gari au bajaji sasa hivi umpeleke hospitali yenye daktari wa zamu na maabara.

Kabla hujatoka, chukua karatasi uandike maneno haya kwa herufi kubwa: mjamzito wa wiki 12, ametapika kwa wiki sita, amepungua kilo 7, amepewa dripu nyingi za dekstrosi, tangu juzi macho yanacheza, anaona vitu viwili viwili, anayumba na anasahau, tunaomba daktari afikirie upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini, na apewe thiamini ya mshipa kabla ya dripu nyingine ya sukari. Nakwambia uandike kwa sababu nimefanya kazi usiku kwa miaka mingi, na ninajua kwamba mgonjwa anapopokewa saa nane za usiku maelezo ya mdomo hupotea kati ya dawati la mapokezi na kitanda. Karatasi iliyobanwa kwenye faili haipotei upesi namna hiyo.

Beba kadi ya kliniki, majibu ya damu na dawa zote ulizonunua. Njiani usimnyweshe soda wala glukosi ya unga kwa nia ya kumtia nguvu. Wakikwambia kwamba hakuna thiamini peke yake, uliza kwa heshima kama stoo ya dawa ina sindano za vitamini B zenye B1 ndani yake. Ukifika, tujulishe.

Mzee wa Kijiwe amejibu:

Nawasalimu nyote. Nilipata kusomea uganga miaka mingi iliyopita, na ninavyokumbuka, ugonjwa huo wa macho kucheza, kuyumba na kuchanganyikiwa tulifundishwa kuwa ni wa walevi. Huyu mama hatujaambiwa kwamba anakunywa. Isitoshe kipimo cha damu kimekwisha kusema kwamba ni tezi, na tezi ikizidi inaweza kumtetemesha mtu na kumvuruga akili. Sioni sababu ya kuhangaika na vitamini ilhali jibu liko kwenye karatasi ya maabara.

Daktari wa Wodi ya Wazazi amejibu:

Mzee wetu, shikamoo. Ulivyofundishwa ndivyo tulivyofundishwa na sisi, na ndiyo maana wajawazito wengi hucheleweshwa. Lakini daktari Mjerumani Carl Wernicke alipoueleza ugonjwa huu wa ubongo, ambao sasa unaitwa kwa jina lake, kwa mara ya kwanza mwaka 1881, kati ya wagonjwa wake watatu mmoja alikuwa binti mshonaji wa nguo aliyekuwa akitapika mfululizo baada ya kunywa tindikali. Pombe ni njia moja tu ya kuishiwa thiamini, na kutapika kwa wiki kadhaa ni njia nyingine iliyo fupi zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Akiba ya thiamini katika mwili mzima wa mtu mzima ni kama miligramu 30, na mjamzito anahitaji takribani miligramu 1.4 kila siku. Asipoingiza kitu, akiba hiyo inakauka ndani ya wiki mbili au tatu. Mama huyu ametapika wiki sita. Hata kama kuna siku kijiko cha uji kilikaa, bado anadaiwa.

Sasa tazama zile chupa. Thiamini ndiyo inayouwezesha mwili kuichoma sukari hadi mwisho ipate kuwa nguvu. Fikiria jiko la mkaa ambalo kipepeo chake kimepotea: ukiona moto unafifia ukazidi kumwaga mkaa, hupati moto, unapata moshi. Dekstrosi bila thiamini hufanya hivyo hivyo. Sukari inaishia njiani na kugeuka tindikali ya laktiki, na ile thiamini kidogo iliyosalia inazidi kuisha upesi. Sehemu za ubongo zinazotumia nguvu nyingi, zikiwemo zile zinazoongoza macho na mizani ya mwili, ndizo zinazolia kwanza. Sisemi kwamba wenzetu wa zahanati walikusudia mabaya; dripu ya sukari ndiyo iliyo karibu na mkono, na mgonjwa huonekana kuchangamka kwa saa chache. Lakini mwongozo wa chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi cha Uingereza unaagiza kwamba mjamzito aliyelazwa kwa kutapika kwa muda mrefu apewe thiamini, hasa kabla ya dekstrosi, na kwamba maji yanayofaa ni ya chumvi yaliyoongezwa potasiamu. Iwapo sukari ya damu imeshuka kweli kweli, sukari haicheleweshwi. Viwili hivyo hutolewa kwa pamoja.

Kuhusu tezi, kipimo hakikusema uongo, ila nadhani kimesomwa nusu. Homoni ya ujauzito, ile hCG inayobadilisha rangi ya kipimo cha mkojo, inafanana kwa umbo na TSH, hata tezi ya thairoidi inapoipokea kwa wingi hutii kana kwamba imeamriwa. Homoni hiyo hufika kileleni kati ya wiki ya 8 na ya 11, na ni katika wiki hizo ambapo TSH hushuka na T4 hupanda, hasa kwa wanaotapika sana. Hali hii hutokea katika mimba moja hadi tatu kati ya 100, na kwa kawaida hujiondokea yenyewe mimba inapopita miezi minne. Haihitaji kabimazoli. Dawa hiyo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Ikitumika wiki za mwanzo, na hasa kati ya wiki ya 6 na ya 10, inaweza kuleta kasoro za maumbile, na baadaye inaweza kuidhoofisha tezi ya mtoto mwenyewe. Pale ambapo dawa ya tezi inahitajika kweli katika miezi ya mwanzo, wengi wetu huanza na propiltiourasili, ambayo nayo ina hatari yake kwenye ini.

Kwa hiyo madaktari watakaompokea watataka kujua kama huu ni ugonjwa wa Graves, ambapo kingamwili za mtu mwenyewe huichochea tezi, au ni kivuli cha mimba. Ndugu Baba Wawili, jiulize: kabla ya mimba hii alikuwa akitokwa jasho na kukonda bila sababu? Shingo ina uvimbe? Macho yametokeza mbele? Kuna mtu katika ukoo wake aliyekuwa na rovu au ugonjwa wa tezi? Kama yote ni hapana, kivuli cha mimba kinapata uzito. Kipimo cha kingamwili za kipokezi cha TSH husaidia kukata shauri panapopatikana. Na aombewe altrasaundi, kwa sababu mapacha na mimba zabibu, yaani ile ambayo kondo hukua vibaya kama vishada, hupandisha hCG kuliko kawaida, na mimba zabibu hairuhusu kungoja.

Sehemu ambayo mzee wetu ameigusa vizuri ni kwamba mambo haya mawili, tezi na upungufu wa thiamini, yanaweza kufanana. Moyo kwenda mbio kunaweza kutokana na tezi, na upungufu wa maji, au na beriberi, ugonjwa wa kuishiwa thiamini, inayoshika moyo. Kuchanganyikiwa vivyo hivyo. Tena yanachocheana, kwa kuwa tezi inayokimbia inauharakisha mwili wote, na mwili unaoharakishwa unakula thiamini upesi zaidi. Lakini mboni zinazocheza, kuona viwili viwili na mwendo wa kutanua miguu havielezwi vizuri na tezi peke yake. Nami sitaki mtu asubiri dalili zote zitimie, maana wagonjwa wengi wa Wernicke hawazionyeshi zote tatu, yaani za macho, za mwendo na za akili. Kipimo cha thiamini ya damu hakipatikani hospitali nyingi, na hata kikipatikana majibu huja kwa kuchelewa. Mwenye shaka hutibu kwanza, kwa dozi ya mshipa ya mamia ya miligramu mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa dawa hii ni nadra kuleta madhara makubwa na ubongo hausubiri.

Waangalie pia magnesiamu, kwa sababu ikiwa chini thiamini haifanyi kazi ipasavyo, na sodiamu, ambayo ikiwa imeshuka sana hairudishwi kwa pupa.

Mama wa Kisauni amejibu:

Asalaam aleikum. Mimi niko Mombasa, na nimesoma habari ya vikombe viwili nikiwa nimeshika mdomo. Katika mimba yangu ya pili nilitapika hadi wiki ya 16. Nakumbuka yule daktari wa kike akichovya kijikaratasi kwenye mkojo wangu, kikageuka zambarau karibu nyeusi, akanionyesha na kusema kwamba mwili wangu umeanza kujila wenyewe. Nami niliambiwa kwamba TSH iko chini mno. Hakunipa dawa ya tezi. Alinipa sindano za vitamini na dawa ya kuzuia kutapika, akaniambia tutapima tena. Wiki ya 17 kipimo kilikuwa sawa, na shingo yangu haijapata kuvimba mpaka leo.

Bwana Baba Wawili, nakuomba jambo moja. Dada yetu akipata ahueni, usiruhusu mtu amwambie mbele yako kwamba alikuwa anadeka. Mimi niliambiwa na wifi yangu, na nilianza kuficha matapishi chini ya kitanda ili nionekane nimepona. Nilifika hospitali nimechelewa kwa ajili hiyo.

Nina swali kwa daktari. Nyumbani kwetu ni wali mweupe asubuhi na jioni. Ningekuwa nakula unga usiokobolewa, ningesalimika? Na zile tembe za kliniki za kuongeza damu hazina vitamini hii?

Daktari wa Wodi ya Wazazi amejibu:

Aleikum salaam, dada. Tembe za kawaida za kuongeza damu zina madini ya chuma na foliki asidi, hazina thiamini. Tena madini ya chuma huongeza kichefuchefu kwa wengine, kwa hiyo anayetapika vibaya amuulize mtoa huduma kama anaweza kuzisimamisha kwa muda. Vidonge vya kawaida vya B kompleksi vina kiasi kidogo, vinafaa kwa kinga lakini havitoshi kwa mtu ambaye macho yameanza kucheza.

Kuhusu chakula, thiamini ya nafaka iko kwenye kiini na kwenye ganda, ambavyo mashine ya kukoboa huvitupa kwenye pumba. Dona, maharage, kunde, karanga na ufuta vina thiamini ya kutosha, na anayekula hivyo huingia kwenye mimba na akiba nzuri. Ila akiba nzuri bado ni ya wiki chache. Hakuna dona litakalomlinda mtu asiyeweza kumeza. Na wala tusidhani kwamba ni tatizo la vitabu vya kale. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, wanajeshi 241 wa Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, vijana wenye nguvu zao waliotoka Burundi na Uganda, walivimba miguu na kupumua kwa shida, wengine wakasafirishwa hadi hospitali za Kenya na Uganda, na baadhi yao wakafa. Uchunguzi ulielekeza kwenye beriberi. Kama chakula kisicho na vitamini hii kiliwaangusha askari, mama asiyekula kabisa hana ujanja.

Baba Wawili amejibu, siku ya nne:

Ndugu zangu, samahani kwa ukimya. Tulifika hospitali saa sita na robo usiku. Daktari wa zamu aliisoma karatasi akiwa amesimama, akamwambia mke wangu afuate kidole chake kwa macho bila kugeuza kichwa, kisha akaenda mwenyewe stoo ya dawa. Alipewa thiamini ya mshipa kwanza, halafu maji ya chumvi yenye potasiamu. Magnesiamu pia ilikuwa chini, wakaiongeza.

Jana asubuhi aliniambia kwamba mimi ni mmoja. Sikumwelewa mpaka aliponieleza kwamba kwa siku tatu alikuwa akiniona wawili na hakutaka kunitisha. Mboni bado zinatikisika kidogo anapotazama pembeni kabisa, na kutembea bado anashika ukuta, lakini leo anajua kwamba ni Alhamisi, na amekula nusu kiazi kitamu kikakaa.

Maswali ya daktari nimeyajibu yote kwa hapana. Shingo haina uvimbe, na mama mkwe amethibitisha kwamba kwao hakuna mwenye rovu. Altrasaundi imeonyesha mapacha, na mioyo yote miwili inapiga. Daktari wa hapa amesema kabimazoli isianzwe.

Swali langu lililobaki ni la miguu: itarudi lini? Na hii tezi tuifuatilie namna gani?

Mkunga wa Zamu amejibu:

Alhamdulillahi. Basi itabidi ubadilishe jina lako humu ndani, Baba Wanne. Sasa usikubali atolewe wodini kabla hajaweza kula na kunywa kwa siku nzima bila kutapika, na akitolewa aondoke na thiamini ya vidonge pamoja na dawa ya kuzuia kutapika. Kutapika kukirudi, rudini siku hiyo hiyo. Msipitie kwanza kule kwenye msumari wa dirishani.

Daktari wa Wodi ya Wazazi amejibu:

Hongereni, na hao mapacha wametueleza sehemu kubwa ya ile TSH. Macho kwa kawaida ndiyo hutangulia kupona, mara nyingi ndani ya siku chache. Mwendo huchukua wiki, na kwa wengine miezi. Asaidiwe kutembea kila siku, na sakafu isiachwe ikiwa na maji. Kumbukumbu iangaliwe kwa makini zaidi kuliko miguu. Ukiona anajaza mapengo ya kumbukumbu kwa visa ambavyo havikutokea, au hawezi kushika jambo jipya la asubuhi hiyo, mwambie daktari wake bila kusubiri.

Propranololi aitumie tu ikiwa daktari wa hapo ameona mapigo bado yanamsumbua, na kwa muda mfupi. TSH na T4 zirudiwe baada ya wiki nne, yaani akiwa kwenye wiki ya 16. Kwa kuwa ni mapacha, zinaweza kuchelewa kidogo kurudi mahali pake. Zikiwa bado hivyo hivyo wiki ya 20, hapo ndipo kingamwili za Graves zitafutwe hata kwa kusafiri. Tarehe hizo mbili ziandikwe kwa kalamu kwenye ukurasa wa mbele wa kadi ya kliniki, juu ya ile ratiba ya chanjo ya pepopunda, ili atakayempokea azione kabla ya kufungua ndani.